Siku Bibi Alipoitaja Dawa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, kijijini kwetu juu kwenye milima ya Kilolo, kulikuwa na viumbe wawili tu waliokatazwa kusimama mlangoni: mbuzi na mjamzito. Mbuzi, sababu yake unaijua, na kama huijui basi hujawahi kufagia. Mjamzito ni kwa kuwa mtoto wa tumboni anaiga. Mama akizoea kuegemea mlango, na mtoto siku yake ikifika atafika mlangoni, asimame, achungulie nje, aanze kufikiria. Na kwa baridi ya kwetu, mtoto mwenye akili timamu akichungulia nje hatoki.

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la uzazi, na mwalimu alikuwa bibi yangu mzaa baba, Bibi Veronika. Wazazi wangu walikuwa na kazi Mbeya mjini, mimi nikawa nalelewa naye. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na ng'ambo wakaitika. Mkatoliki wa benchi la mbele. Mfuko wa gauni lake ulibeba rozari, na mfuko huohuo ulibeba mizizi na magome yake. Sikuwahi kusikia vikigombana humo ndani.

Mjamzito aliyekuwa akifukuzwa mlangoni mwaka ule ni mama mdogo Tumpe, mke wa baba mdogo Alfonsi. Tumpe alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mcheshi, na Kihehe chake kilikuwa kibovu kiasi kwamba sisi watoto tulikuwa tunamwomba akiongee ili tucheke, na yeye alikuwa anaongeza ubovu makusudi. Baba mdogo alimkuta Mbeya akiwa njiani kwenda Chunya kuchimba dhahabu. Dhahabu hakuipata, akampata Tumpe. Akamleta kwa mama yake, akarudi Chunya kuendelea kutoipata dhahabu.

Miaka ilipita bila mtoto. Majirani walianza kumwangalia Tumpe tumboni kabla ya kumwangalia usoni. Bibi, kwa haki yake, hakuwahi kumsema, ila alikuwa anasali kwa sauti, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Kwa hiyo mimba ilipoingia, nyumba nzima ilikaa chini ya ulinzi.

"Mkamwana! Umesimama mlangoni tena!"

"Napita, mama."

"Kupita gani huko kwa kuegemea?"

"Tumbo limeshapita, mama. Miguu inakuja."

Bibi alikuwa anageuka ukutani ili asionekane anacheka. Sioni haja ya kuwapamba: mkwe na mkamwana wale walikuwa wanapendana, kwa namna ya watu wasiojua kwamba hilo ni neno la kutamka.

Lakini sheria ya mlango ilikuwa ndogo. Sheria kubwa ilikuwa hii: dawa ya uzazi haitajwi. Anayeitoa hasemi kwamba ametoa, anayeinywa haulizi amekunywa nini, na anayeona anaangalia pembeni. Bibi alikuwa na mzizi wa kulainisha njia, anauchemsha alfajiri na kuuzimulia kwenye uji wa ulezi. Tumpe alikuwa anaupokea uji ule kwa mikono miwili na kuunywa kwa sura ya mtu aliyepewa mtihani wa hesabu.

Siku moja nikauliza. "Bibi, mbona uji wa mama mdogo una rangi?"

"Rangi gani?"

"Ya udongo."

"Kumbe umekula udongo. Ungeijuaje rangi yake?"

Nilichapwa kwa udongo ambao sikuula. Kisha, jioni yake, labda kwa kunionea huruma, Bibi akaniambia sababu. Dawa ya tumbo inasikia. Ukilitamka jina lake ikiwa bado inafanya kazi, inageuka, na badala ya kufungua inafunga. Inalifunga tumbo moja kwa moja. Mtoto aliyemo anaweza kutoka, akijaliwa, lakini hatafuatwa na mwingine. Akanitajia mwanamke wa ng'ambo ya bonde ambaye shangazi yake alikuwa na mdomo mwepesi. Mwanamke yule alikuwa na mtoto mmoja. Nilikwenda kumwangalia. Kweli alikuwa mmoja. Ushahidi gani tena ningetaka?

Sasa hivi, nikiwa mtu mzima niliyepitia wodi ya wazazi na miguu yangu mwenyewe, ninaielewa sheria ile inavyofanya kazi. Inamlinda mwenye dawa asiibiwe mzizi wake. Inamlinda mjamzito na wivu wa majirani. Ni sheria nzuri ya kutunza siri. Ubaya wake ni mmoja. Jikoni kwetu, mtu akiingia na kukuta maharage yanachemka, kitu cha kwanza anauliza, "Mmeshatia chumvi?" Akiambiwa ndiyo, anaurudisha mkono. Chumvi ilikuwa inaulizwa. Dawa ilikuwa haiulizwi.

Uchungu ulimwanza Tumpe alfajiri, wakati wa mvua, msimu ambao mianzi inatoa ulanzi, pombe yetu, na wanaume wa kwetu wanakuwa wapole kuanzia saa nne. Bibi akatoka uani, akampigia kelele Bibi Skola, mkunga wetu. Jina lake la ubatizo ni Skolastika, mwanamke mwembamba kama fito, aliyewapokea nusu ya watoto wa kijiji, pamoja na mimi, na hakuacha kunikumbusha kwamba nilitoka nimekunja uso. Alikuwa rafiki wa Bibi na mshindani wake, kwenye mambo ya kanisani na kwenye mambo ya mizizi, na hapakuwa na siku waliyokubaliana bila kwanza kukataana.

"Kamwene, Veronika. Ameanza lini?"

"Kabla jogoo hajawika."

"Ungeniita alipowika."

"Ungesema nimekuwahisha."

Bibi Skola akaingia, akawafukuza watu wote, mlango ukafungwa. Mimi nikabaki jikoni na kazi ya kutosikia. Haikuwezekana. Nimewahi kusikia wanawake wengi wakijifungua tangu siku ile, na uchungu, wenye uzoefu watanisahihisha, huja na kuondoka; unamshika mtu, unamwachia apumue, unarudi. Ule wa Tumpe haukuwa unaondoka. Ulikuwa unakuja juu ya mwingine, bila nafasi katikati, na Tumpe alikuwa analia kwa Kinyakyusa, lugha ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeijua, kwa hiyo hatukuweza hata kumjibu.

Halafu, jua lilipokuwa kichwani, akanyamaza.

Mimi nilidhani mtoto amezaliwa, nikatoka mbio. Nilimkuta Bibi Skola uani, mikono inaning'inia, uso umebadilika rangi.

"Uchungu umekata," akasema. "Tumbo limekuwa gumu kama ubao na uchungu hakuna. Veronika, huyu amefungwa."

Hapa inabidi nieleze. Kwa kwetu, uzazi ukikwama, maana yake kuna mahali kuna fundo. Pengine mtu mbaya kalifunga makusudi, pengine ni fundo tu la kawaida ambalo hakuna aliyelifikiria. Dawa yake ni kufungua kila kilichofungwa, nyumbani na kwa jirani, hadi uzazi nao ufunguke.

Basi watu wakafungua. Mbuzi wakafunguliwa kamba, wakaelekea moja kwa moja kwenye kabichi za katekista. Magunia yakafunguliwa midomo. Kuni zikafunguliwa mzigo, zikatawanyika uwanja mzima. Kuku aliyefungwa mguu akisubiri Jumapili alifunguliwa, na sidhani kama kuna kiumbe kilichomwombea Tumpe kwa moyo zaidi ya kuku yule. Wanawake wakafungua vilemba na khanga. Mimi nikakamatwa, nikakalishwa, nikaanza kufumuliwa nywele zilizosukwa kwa uzi juzi yake tu, na aliyekuwa ananifumua hakuwa na subira.

Jirani yetu, Mzee Gaudensi, alikuja kuuliza kelele ni za nini. Alikuwa ametoka kukinga ulanzi, ananukia.

"Mzee, fungua mbeta zako," Bibi akamwambia. Mbeta ni vile vipande vya mianzi vinavyofungwa kwenye mche kukingia ulanzi.

"Mbeta zangu? Zitamwaga!"

"Zimwage."

"Mama, pale kuna kazi ya siku nzima!"

"Na humu ndani kuna kazi ya miezi tisa. Fungua! Na huo mkanda."

"Mkanda wa suruali?"

"Una fundo?"

"Una fundo, maana bizimu ilivunjika, lakini..."

"Fungua."

Mzee Gaudensi akafungua mkanda, akabaki ameshika suruali kwa mkono mmoja. Watu hawakucheka. Hilo ndilo lililonifanya nijue kwamba mambo ni mazito. Kijiji chetu kilikuwa hakikosi kucheka suruali.

Kila kitu kikawa kimefunguka, na Tumpe amelala vilevile, jasho jembamba linamtoka, macho yanakwenda na kurudi. Bibi akaingia ndani, akakaa naye kidogo. Alipotoka hakuwa na sauti ya ng'ambo ya bonde. Alisema taratibu, "Anashuka misheni."

"Veronika, tusubiri," Bibi Skola akasema. "Fundo lipo, tutalipata."

"Wewe subiri. Mimi nina mkamwana mmoja."

Zahanati ya misheni ilikuwa chini bondeni. Mgonjwa alikuwa anashushwa kwa machela. Wanaume wakaleta miti miwili na kamba, wakapiga magoti kuanza kuifunga, halafu wote kwa pamoja wakasimama wakaangaliana. Machela ni nini? Ni miti miwili na mafundo. Huwezi kumbeba mwanamke aliyefungwa juu ya kitu kilichofungwa.

Hili nawaachia mlipime wenyewe. Mimi nimelipima miaka mingi, na ninachokiona ni wanaume wazima, wamesimama kwenye tope, wana miti, wana kamba, wana nguvu, wanashindwa kumbeba mtu kwa sababu ya fundo. Wala hawakuwa wajinga. Kila mmoja wao aliogopa kuwa yeye ndiye atakayemmaliza.

Wakamlaza kwenye blanketi, wakalishika pembe kwa mikono mitupu, na hivyo ndivyo walivyoteremka naye mlima wote ule kwenye utelezi, vidole vinauma, wanapokezana, bila fundo hata moja. Mzee Gaudensi alishika pembe kwa mkono wa kulia na suruali kwa wa kushoto. Katikati ya mteremko blanketi likamponyoka kidogo. Akaangalia blanketi, akaangalia suruali, akaiachia suruali. Mungu ampumzishe, nimekutana na wanaume wengi baadaye, na sio wengi ambao wangeuchagua upande ule. Bibi alikuwa nyuma yao pamoja na Bibi Skola, kanishika mimi mkono, na kila tukisimama kupokezana alikuwa anaendelea kunifumua nywele.

Sista Otilia alitupokea. Alikuwa Mngoni wa Songea, mnene, mwenye mikono mikubwa isiyo na haraka. Aliangalia msafara: wanawake vichwa wazi, mzee mwenye suruali ya mkononi, mtoto mwenye nywele nusu zimesimama nusu zimelala. Hakuuliza. Nadhani alishazoea kuona familia zilizofunguliwa.

Akampima Tumpe kwa muda mrefu. Mimi nilibaki chumbani kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunitoa. Halafu akatundika chupa ya dripu kwenye chuma, akageuka.

"Mtoto yu hai. Mama amechoka, uchungu umekata. Nataka kumwekea dripu ya kurudisha uchungu. Kabla sijamwekea, nataka kujua, amekunywa nini?"

"Chai," akasema Bibi Skola.

"Na nini?"

"Na uji," akasema Bibi.

"Uji wa nini?"

"Wa ulezi."

Sista alivuta kiti, akakaa, akaanza kuongea kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani. "Mama zangu, sikilizeni. Hii dripu inakikaza kizazi ili kisukume. Kama kuna dawa nyingine humo tumboni inayokaza, nikiongeza hii, kizazi kinapasuka. Kikipasuka, wote wawili wanakwenda. Sitaki kumgombeza mtu. Amekunywa nini?"

"Chai," Bibi Skola akarudia, sauti ndogo.

Mimi nilikuwa nimesimama usawa wa mfuko wa Bibi. Mkono wake ulikuwa humo ndani, na sikuweza kujua umeshika rozari au umeshika mzizi. Alikuwa anamwangalia Tumpe. Tumpe alikuwa amelala, macho nusu wazi, midomo imekauka.

"Sista," Bibi akasema. "Nikisema, atapona?"

"Sijui, mama. Usiposema, najua."

Bibi akasogea hadi kitandani. Akainama sikioni kwa Tumpe, lakini hakuwa na sauti ya kunong'ona maisha yake yote, kwa hiyo sote tulisikia. Akasema, "Mwanangu, nisamehe kwa hao wengine ambao hawatakuja."

Kisha akasimama wima, akaitaja. Jina la mzizi, mahali unapoota, anakata urefu gani, anachemsha vipi, na tangu mwezi upi. Aliitaja kwa sauti ile ya kuita ng'ambo. Mimi niliziba masikio nikiwa nimechelewa. Jina hilo ninalo hadi leo na sitaliandika hapa. Siogopi kufunga tumbo la mtu. Naogopa msomaji mwenye jembe.

Bibi Skola alikuwa anamwangalia Bibi kama mtu aliyevua nguo kanisani.

"Veronika. Kumbe wewe ulikuwa unampa?"

"Kila asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Tangu lini inasemwa?"

Bibi Skola akatafuta benchi kwa mkono, akakaa. "Na mimi nimempa," akasema. "Majani ya kukamua. Leo. Niliona anachelewa, nikarudia tena."

Sista aliiangalia ile chupa ya dripu. Na kutoka kitandani ikatoka sauti ya Tumpe, nyembamba, kwa Kiswahili cha kwao. "Na ule unga wa soko la Mwanjelwa."

Wote tukageuka.

"Alfonsi alituma. Alimpa konda wa basi. Nilitia kwenye chai." Akapumua. "Alisema nisimwambie mama."

Watatu. Kila mmoja kwa upendo, kila mmoja kwa siri, na kila mmoja akiamini yuko peke yake. Kazi yangu ni uigizaji, na jukwaani nimefanya vichekesho vingi vya namna hii: mtu mmoja kajificha kabatini, mwingine chini ya kitanda, wa tatu nyuma ya pazia, na hakuna anayejua habari za mwenzake, mpaka wote wanatokeza vichwa pamoja na ukumbi unavunjika mbavu. Mpangilio ni uleule. Siku ile kitu pekee kilichokosekana ni ukumbi.

Sista Otilia akainuka, akaitoa ile chupa kwenye chuma, akairudisha kabatini. Akamwekea maji ya kawaida, akamtuma mtu mbio akaite gari la misheni. Wakampeleka Tumpe hospitali kubwa mjini, Bibi pembeni yake, na huko wakampasua.

Alipona. Mtoto alitoka hai, wa kike, mdogo, mwenye hasira. Leo ni mama wa watu, anaishi Makambako, na hasira bado anayo. Lakini daktari alikuta kizazi kimeanza kuchanika, damu haikutaka kusimama, ikabidi wakitoe. Tumpe hakubeba mimba tena.

Sasa mnaona kilichotokea. Onyo la Bibi lilitimia, lote, bila kupungua hata tone. Dawa ilitajwa; mtoto alitoka; hakufuatwa na mwingine. Kijiji kizima kilikuwa na jambo la kusema, na kililisema. "Si aliitaja? Mbele ya sista, mchana kweupe!" Mwanamke yule wa ng'ambo ya bonde alipata mwenzake wa kutolewa mfano. Na aliyeamini kuliko wote ni Bibi mwenyewe. Hakumpa mtu dawa tena. Mfuko wake ukabaki na rozari tu, na ukawa unaning'inia vibaya, umezoea uzito.

Nilipofika sekondari nilifundishwa biolojia, na hakuna kiumbe hatari kama mtoto wa kidato cha tatu aliyefundishwa biolojia. Nilirudi likizo, nikamkalisha Bibi chini. Nikamweleza kizazi ni msuli. Baadhi ya mizizi na majani yana nguvu ya kuukaza. Hakuna anayeujua uzito wake, kwa kuwa mzizi wa bondeni sio sawa na wa mlimani, wala wa masika sio sawa na wa kiangazi. Watatu wakitia kwenye sufuria moja bila kuambizana, msuli unachanika. Kwa hiyo, Bibi, hukumfunga kwa kuitaja. Kilichomuumiza ni kunywa, sio kutaja. Nilitegemea atalia kwa furaha.

Bibi alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuacha.

"Kama ni kunywa," akasema, "basi nilikosea niliponyamaza. Kama ni kutaja, nilikosea niliposema. Haya, msomi. Nichagulie moja."

Nilivuta muhindi mmoja. Nikapukuchua naye. Biolojia haikuwa na sura inayohusu hilo.

Siku hizi ninakaa Soweto, Mbeya, na mimi mwenyewe nimekuwa mkwe wa mtu. Mwaka huu nimekuwa namsindikiza mkamwana wangu kliniki. Tunakaa kwenye benchi, akina mama wanaitwa mmoja mmoja, na nesi anauliza maswali yake bila kuinua kichwa. "Umewahi kupoteza mimba? Kuna dawa ya kienyeji yoyote unatumia?" Na akina mama wote, mmoja baada ya mwingine, upesi kama wanaitikia litania: hapana, hapana, hapana. Ukitoka nje ukashuka hadi Mwanjelwa, unga umepangwa mezani, sasa uko kwenye vikopo vyenye vifuniko na picha ya mtoto mnene anayecheka, umeandikwa kwamba ni salama kwa mjamzito, na muuzaji anakwambia haukai hapo. Nani anaununua, kama wote wamesema hapana?

Mimi siwaiti waongo. Nilimwona Bibi akiulizwa swali hilohilo, na najua kilichokuwa ndani ya jibu lake. Nesi anafikiri anaomba taarifa. Yule mama anasikia anaombwa atoe watoto wake ambao hawajazaliwa.

Mara ya mwisho, mkamwana wangu alipoulizwa, alichelewa kidogo kujibu. Nikamkanyaga mguu. "Mama mzazi kanitumia kitu kutoka Kyela," akamwambia nesi, huku akiniangalia mimi kwa chuki. Nesi akainua kichwa, kwa mara ya kwanza. Tukarudi nyumbani hatusemeshani, kitu nikatupa, na chakula cha jioni kilipikwa vizuri tu.

Bibi Veronika alifariki akiwa mzee sana, kwa kifo cha kawaida, akilalamika kuhusu uji. Siku ya kumwosha, binti zake wa kuzaa walikuwa wameshajipanga mlangoni na mabeseni. Tumpe akafika kutoka Chunya, ambako alimfuata mumewe miaka ile, nywele sasa ni nyeupe. Akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya gauni, akapita katikati yao, akaingia. Aliwaambia tu kwa Kihehe chake kilekile kibovu kwamba anaanza yeye. Shangazi zangu, watu ambao waligombania hata bakuli la marehemu, walisogea pembeni.

Niliingia naye kumshikia maji. Alikuwa anamwosha taratibu, mkono mmoja, kisha mwingine. Nikamuuliza, maana mimi mdomo wangu haujawahi kupata adabu, kama na yeye huwa anaamini yale ya kijijini.

"Yapi?"

"Kwamba alikufunga."

Tumpe akakamua kitambaa.

"Nilikuwa nakwenda siku ile," akasema. "Niliwasikieni mbali, kama watu wa ng'ambo ya mto. Mnasema chai, mnasema uji. Halafu nikamsikia ananiomba msamaha." Akaendelea kuosha. "Alikuwa na hamu ya wajukuu, unamjua. Alitaka nyumba ijae. Akanitaka mimi."

Sijui dawa husikia au haisikii. Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba kizazi ni msuli, na kwamba mwanamke mmoja aliamini vingine kwa moyo wake wote, akaifungua midomo yake hata hivyo, akabaki na gharama yake mpaka mwisho, bila mtu wa kumpunguzia. Nilishika maji mpaka Tumpe alipomaliza miguu.